Presha ya uzeeni: dawa bado zinaulinda moyo, hata baada ya miaka 80

Kila tunapogusia presha kwenye kipindi cha afya, simu za wasikilizaji zinafanana. Mtoto anapiga na kueleza kwamba baba ana miaka 78, zahanati wamempima wakakuta 180 kwa 85, na wamemwandikia vidonge vya kila siku. Kisha linakuja swali lenyewe: kwa umri huu, kuna haja gani ya kumwanzishia mzee dawa? Wengine wanauliza kwa kumhurumia mzee. Wengine wanauliza kwa sababu fedha ya vidonge ndiyo hiyo hiyo ya mbolea na ya mahitaji ya shule. Sababu zote mbili ni za haki. Tumeandika makala hii ili uisome taratibu kwenye simu yako, au umsomee mzee mwenyewe.

Jibu kwa ufupi

Ndiyo, haja ipo. Mtu wa miaka 70 au 80 mwenye presha ya juu, ambaye bado anajimudu, ananufaika na matibabu, na faida kubwa zaidi inaonekana kwenye moyo. Wala faida hiyo haisubiri miaka 10. Huanza kuonekana ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Lakini matibabu ya mzee hayafanani na ya kijana. Dawa huanza kidogo na kuongezwa polepole. Na mzee hupimwa akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Kwa nini iwe hivyo, tutaeleza.

Presha ni nini, na kwa nini inapanda uzeeni?

Presha, au shinikizo la damu, ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Kipimo kinatoa namba mbili. Namba ya juu ni nguvu iliyopo moyo unapojikamua kusukuma damu. Namba ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika kati ya pigo moja na jingine. Mtu akipimwa siku tofauti na kukutwa na 140 kwa 90 au zaidi, huyo ana presha ya juu. Hata namba moja tu ikizidi, bado ni presha ya juu.

Fikiria tyubu mpya ya baiskeli. Ukiivuta, inavutika. Mishipa mikubwa ya kijana iko hivyo: moyo ukisukuma damu, mshipa unatanuka na kuipokea. Sasa fikiria tyubu iliyokaa juani miaka mingi. Imekakamaa. Mishipa ya mzee nayo hukakamaa, haitanuki tena kama zamani, na kila pigo la moyo linagonga ukuta mgumu.

Ndiyo maana kwa wazee namba ya juu hupanda huku ya chini ikibaki palepale au hata kushuka. Utaona 175 kwa 75. Watu wengi wakiona ile 75 hufarijika na kusema presha si mbaya. Hapo ndipo wanapokosea. Kwa mtu mzima wa umri huo, namba ya juu ndiyo inayoonyesha zaidi hatari ya kiharusi na ya ugonjwa wa moyo.

Zamani hata madaktari wengi waliona kupanda kwa namba ya juu ni jambo la kawaida la uzee. Mwaka 1991 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uliofuatilia watu 4,736 wenye miaka 60 na zaidi, ambao namba yao ya juu ilikuwa kubwa na ya chini ni ya kawaida. Waliopewa dawa walipata kiharusi kwa asilimia 36 pungufu kuliko wasiopewa. Visa vya moyo kushindwa kufanya kazi vilipungua kwa karibu nusu. Tangu hapo ilijulikana kuwa namba hiyo ya juu inatibika, na inafaa kutibiwa.

Presha inaufanya nini moyo?

Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku. Kila pigo likilazimika kusukuma dhidi ya presha kubwa, moyo unafanya kazi ya punda. Mambo manne hutokea, na mara nyingi hufuatana.

Kwanza, ukuta wa moyo unanenepa. Mkono wa mtu anayebeba magunia ukijaa misuli, tunasema ana nguvu. Kwa moyo sivyo. Ukuta ulionenepa unakuwa mgumu, chumba cha ndani kinabanwa, na damu haiingii vizuri. Wakati huo mzee anaweza asisikie chochote.

Pili, moyo unashindwa kufanya kazi yake. Kwa wazee wengi moyo bado unakamua vizuri, ila haujai kwa sababu umekakamaa. Kwa wengine, baada ya kuchoka kwa miaka, moyo unatanuka na kulegea. Njia zote mbili zinafika palepale: damu inarundikana nyuma, maji yanajaa kwenye mapafu na miguuni.

Tatu, mapigo yanapoteza mpangilio. Yanakwenda ovyo, mara haraka mara taratibu. Damu ikituama kwenye chumba cha juu cha moyo inaweza kuganda. Bonge hilo likisafiri hadi kwenye ubongo, mzee anapata kiharusi.

Nne, mishipa inayoulisha moyo wenyewe inaharibika na kuziba. Hapo ndipo yanapokuja maumivu ya kubana kifua na shambulio la moyo.

Hili si tatizo la nchi za mbali. Utafiti uliofanyika katika hospitali 12 za nchi 9 za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, uliangalia wagonjwa 1,006 wa umri mbalimbali waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi. Presha ndiyo iliyoongoza kwa kusababisha: wagonjwa 45 katika kila 100.

Habari njema ni kwamba madhara haya hayaendi upande mmoja tu. Presha ikishushwa na kubaki chini, ukuta ulionenepa unaweza kupungua unene, hata kwa mtu wa umri mkubwa.

Dalili zinazosingiziwa uzee

Moyo unaoanza kushindwa hutoa dalili ambazo familia nyingi huziita uzee, au husema kuna mkono wa mtu. Ziangalie hizi:

Mzee aliyekuwa akitembea hadi kanisani, msikitini au gengeni bila kusimama, sasa anapumzika njiani mara mbili tatu.
Anataka mito miwili au mitatu ndipo alale, kwa sababu akilala chali anakosa hewa.
Anaamka usiku wa manane akihema, anakaa kitandani au anatoka nje kutafuta hewa.
Miguu inavimba jioni, na ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo.
Uzito au tumbo vinaongezeka haraka ndani ya siku chache, ilhali hali chakula kingi.

Uzee peke yake haumfanyi mtu alale amekaa. Ukiona dalili hizi, mpeleke kituo cha afya, usisubiri siku ya kliniki.

Shaka ya umri ilijibiwaje?

Kwa miaka mingi hata wataalamu walikuwa na shaka kuhusu watu wa miaka 80 na zaidi. Walihofia kwamba kushusha presha kwa mtu wa umri huo kungemwangusha, kungemdhoofisha, au kungemkatisha maisha badala ya kumuongezea.

Utafiti mmoja, unaojulikana kwa jina fupi la HYVET, uliijibu hofu hiyo. Uliwahusisha watu 3,845 wenye miaka 80 na zaidi kutoka Ulaya, China na kwingineko, wakiwamo wa Tunisia hapa Afrika. Namba yao ya juu ilikuwa 160 au zaidi. Nusu walipewa kidonge kimoja kidogo cha kupunguza maji na chumvi mwilini, indapamidi, na walioendelea kuwa na presha wakaongezewa dawa ya pili, perindoprili. Nusu nyingine walipewa vidonge vinavyofanana lakini visivyo na dawa. Lengo lilikuwa 150 kwa 80, si chini zaidi.

Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu waliopewa dawa walikuwa wanakufa kwa kiwango kidogo kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Vifo vya sababu zote vilipungua kwa asilimia 21. Kiharusi kilipungua kwa asilimia 30. Na moyo kushindwa kufanya kazi ulipungua kwa asilimia 64. Wagonjwa hao walifuatiliwa kwa wastani wa karibu miaka miwili tu. Kwa hiyo anayesema mzee hana muda wa kuonja faida ya dawa, utafiti unampinga.

Na sisi huku tunasimama wapi? Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa vijijini wenye miaka 70 na zaidi. Karibu 7 katika kila 10 walikutwa na presha ya juu. Wengi hawakuwa wakijua, na waliokuwa na presha iliyodhibitiwa kwa dawa walikuwa wachache mno. Dawa zinazoweza kuzuia moyo kushindwa zipo, ila haziwafikii wanaozihitaji.

Kumpima mzee inavyotakiwa

Kipimo kibaya huleta matibabu mabaya. Mzee aliyetembea kilomita tano kwa miguu kisha akapimwa palepale mlangoni atasomeka juu hata kama hana presha. Kabla ya kupimwa:

Apumzike amekaa kwa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kukunjwa nne.
Awe amekwenda haja ndogo. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta au kunusa tumbaku kwa nusu saa.
Mkono uwe wazi, usipite juu ya nguo nzito, na uegemee meza usawa wa moyo.
Kitambaa cha kipimo kienee mkono wake. Kikibana sana kitatoa namba kubwa isiyo ya kweli.
Asiongee wakati anapimwa, na apimwe angalau mara mbili.

Kisha kuna kipimo ambacho mara nyingi husahaulika: mzee asimame, apimwe tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini ikishuka kwa 10 au zaidi, mzee huyo ana presha inayoshuka akisimama. Ndiye anayeona kizunguzungu akitoka kitandani na kuanguka njiani kwenda chooni. Akivunjika nyonga, shida yake inaweza kuwa kubwa kuliko ile presha yenyewe. Muombe mhudumu ampime mzee wako hivyo. Ni haki yenu kuomba.

Hapa tufafanue kauli inayosikika kila siku: "Mimi yangu ni presha ya kushuka." Mtu mmoja anaweza kuwa na presha ya juu akiwa amekaa, na ikashuka akisimama. Huyo bado anahitaji matibabu, ila kwa uangalifu zaidi. Kizunguzungu peke yake hakitoshi kujua presha iko juu au chini. Kipimo ndicho kinachosema.

Dawa zinazotumika

Dawa za presha ni za siku nyingi, zinatengenezwa na viwanda vingi, na aina za msingi hupatikana katika vituo vingi vya afya. Haya ndiyo makundi utakayokutana nayo:

Dawa ya kukojosha, kama haidroklorothiazidi, bendrofluazidi au indapamidi. Inatoa chumvi na maji ya ziada. Inywewe asubuhi, ili mzee asiamke mara kwa mara usiku na kujikwaa gizani. Inaweza kupunguza madini mwilini, kwa hiyo kipimo cha damu cha madini na figo ni muhimu pale kinapopatikana.

Amlodipini. Inalegeza mishipa. Baadhi ya watu huvimba vifundo vya miguu. Mwambie daktari, kwa kuwa uvimbe huo unaweza kuwa wa dawa au wa moyo, na tiba zake ni tofauti.

Losatani, au jamii ya enalaprili na kaptoprili. Hizi zinasaidia sana moyo ulioanza kushindwa. Enalaprili na kaptoprili huweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha. Midomo au ulimi ukivimba, asimeze kidonge kingine, aende hospitali saa hiyo hiyo.

Dawa za kupunguza kasi ya moyo, kama kavedilololi, bisoprololi na atenololi. Hutumika zaidi pale moyo wenyewe una tatizo. Hizi hazikatizwi ghafla, maana moyo unaweza kushtuka na kwenda mbio.

Kwa nini wengi wanaanziwa amlodipini au dawa ya kukojosha? Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika katika nchi 6 za Afrika zikiwamo Kenya, Uganda na Msumbiji, ulilinganisha dawa mbili mbili kwa watu 728. Michanganyiko yenye amlodipini ndani yake ilishusha presha vizuri kuliko mchanganyiko usiokuwa nayo.

Kwa mzee wa miaka 80, au aliyedhoofu, kawaida huanza dawa moja kwa kiwango kidogo. Baada ya wiki chache anapimwa tena, amekaa na amesimama, ndipo inaongezwa. Mwili uliozoea presha kubwa kwa miaka 20 hautaki kushushwa kwa siku mbili. Ndiyo maana hatushauri kabisa kumweka mzee kidonge cha nifedipini chini ya ulimi ili presha "ishuke haraka". Kushuka ghafla kunaweza kuunyima ubongo na moyo damu.

Ifike namba ngapi?

Kwa mtu wa miaka 65 hadi 79 mwenye afya ya kujimudu, lengo la kawaida ni namba ya juu iwe chini ya 140. Akivumilia, na hasa akiwa na ugonjwa wa moyo, daktari anaweza kulenga 130. Kwa mwenye miaka 80 na zaidi, hatua ya kwanza ni kufika chini ya 150. Akiwa hapo bila kizunguzungu, anaweza kushushwa taratibu hadi chini ya 140.

Upo utafiti wa Marekani uliolenga chini ya 120, na miongoni mwa washiriki wake walikuwapo 2,636 wenye miaka 75 na zaidi. Nao ulionyesha moyo kushindwa na vifo vikipungua. Lakini washiriki hao walipimwa kwa mashine maalumu wakiwa wametulia, na walifuatiliwa kwa karibu sana. Kwa mzee anayefika zahanati mara moja kwa miezi mitatu, kukimbilia namba hiyo ni hatari. Afadhali 140 ya uhakika kila siku kuliko 120 ya wiki moja, kisha kuanguka.

Lini dawa zipunguzwe?

Tuseme ukweli wote. Utafiti wa HYVET haukuwachukua wazee waliokuwa wakihitaji kuuguzwa muda wote, wala wenye ugonjwa wa kusahau, wala wale ambao presha yao ilikuwa inashuka sana wakisimama. Kwa hiyo bibi wa miaka 92 ambaye haamki kitandani, anakula kidogo na anapungua uzito, hatuwezi kumpa jibu lile lile la mzee anayepalilia shamba lake.

Rudi kwa daktari ukaombe dawa zipitiwe upya ikiwa mzee anaanguka, anaona kiza akisimama, namba ya juu imeanza kusoma chini ya 120, uzito umepungua sana, au anakunywa aina nyingi za vidonge na hakuna anayejua kila kimoja ni cha nini. Kupunguza dawa kwa wakati wake ni sehemu ya matibabu, na halina maana kwamba familia imemtupa mzee.

Akiharisha, akitapika au akishindwa kunywa maji, dawa ya kukojosha na zile za jamii ya enalaprili na losatani zinaweza kuumiza figo. Wasiliana na kituo siku hiyo hiyo uelekezwe zipi zisimamishwe kwa muda. Anayetaka kufunga Ramadhani naye aonane na mhudumu mapema, ili saa za kunywa dawa zipangwe.

Vitu vya nyumbani vinavyopandisha presha

Dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni ndizo zinazouzwa dukani kwa mzee anayelalamika magoti na kiuno. Zinapandisha presha, zinazuia maji yasitoke mwilini, zinachosha figo, na zinaweza kumrudisha hospitalini mgonjwa wa moyo. Kwa wengi parasetamoli ni salama zaidi. Uliza kwanza.

Chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana, kwa vyakula vyote vya siku. Samaki wa chumvi na viungo vya mchuzi vya kununua dukani vinahesabiwa humo. Na magadi pia. Magadi tunayowekea maharage, kisamvu au ugoro yana sodiamu ile ile inayopatikana kwenye chumvi. Loweka maharage usiku kucha, yataiva bila magadi.

Tumbaku na pombe. Sigara, ugoro na pombe, za kienyeji na za dukani, zote zinaumiza moyo na mishipa.

Mazoezi mzee hahitaji kutafuta mbali. Kutembea nusu saa kwa mwendo anaoweza kuongea bila kuhema kunatosha kwa wengi.

Maswali tunayoulizwa zaidi

"Ukianza dawa za presha huachi. Si bora kutoanza?" Dawa hazimfanyi mtu awe mtumwa wake. Presha ndiyo haiachi. Ukiacha kunywa, presha inarudi ilipokuwa, kama mto unavyorudi ukibomoa tuta.

"Nimemaliza dozi na ninajisikia vizuri." Dawa ya presha haina dozi ya kumaliza kama ya malaria. Kujisikia vizuri peke yake hakuonyeshi presha iko wapi. Kipimo ndicho kinachosema.

"Vitunguu saumu na majani je?" Kitunguu saumu kwenye mboga ni chakula kizuri. Lakini hakuna jani lililoonyeshwa kuzuia moyo kushindwa kwa kiwango cha vidonge hivi. Kama mzee anakunywa dawa ya miti shamba, mhudumu aambiwe bila aibu, maana nyingine zinagongana na vidonge au zinaumiza figo.

"Jirani ana dawa zake zimemfaa, tugawane?" Hapana. Dawa inayomfaa jirani inaweza kumshusha mzee wako kupita kiasi. Hata aspirini si ya kila mwenye presha. Inaweza kutokesha damu tumboni.

Gharama na utaratibu wa nyumbani

Sera ya afya ya Tanzania inawatambua wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo kuwa kundi la msamaha wa gharama katika vituo vya umma. Muulize mtendaji wa kijiji na ofisi ya ustawi wa jamii jinsi mzee anavyoandikishwa. Kama dawa zimekwisha kituoni na mnalazimika kununua, mwambie mhudumu uwezo wenu. Mara nyingi ipo dawa ya bei nafuu inayofanya kazi ile ile, na ni afadhali kidonge kimoja kinachonywewa kila siku kuliko vitatu vinavyonunuliwa mwezi huu na kukosekana mwezi ujao.

Nyumbani, chagueni mtu mmoja wa kusimamia dawa, hata kama ni mjukuu. Fungeni kunywa dawa na jambo ambalo halisahauliki. Baadhi ya wasikilizaji wetu hunywa dawa ikisomwa taarifa ya habari ya asubuhi, na huo ni utaratibu mzuri. Vidonge vikae pakavu, mbali na jua na watoto. Wekeni daftari dogo la kuandika tarehe, namba akiwa amekaa, namba akiwa amesimama, na dawa anazokunywa. Daftari hilo liende naye kila kituo.

Wakati wa kukimbia hospitali

Usisubiri kupambazuke ukiona:

Uso umepinda upande mmoja, mkono au mguu umelegea, au maneno hayatoki sawasawa.
Kifua kinabana kwa zaidi ya dakika chache, au maumivu yanapanda shingoni na kushuka mkononi.
Anahema kwa shida akiwa amekaa, au anakohoa mapovu.
Amezimia, au amechanganyikiwa ghafla.
Presha imefika 180 kwa 120 au zaidi, pamoja na dalili yoyote kati ya hizi, kichwa kuuma sana au macho kutoona vizuri.

Kama presha iko juu hivyo lakini hana dalili yoyote, mpeleke kituoni siku hiyo ili dawa zirekebishwe taratibu.

Kwa wengine wote, kazi ya wiki hii ni ndogo. Kama nyumbani kuna baba, mama, babu au bibi aliyevuka miaka 60 na hajapimwa mwaka huu, mpelekeni akapimwe, amekaa na amesimama. Kama aliandikiwa dawa akaziacha, asione aibu kurudi. Mhudumu ataanza naye upya, na moyo wake bado utanufaika.